Nyumba Inayoijua Kazi ya Mwenyewe

Ramani ya nyumba ya mdogo wangu iliniingia kwenye simu nikiwa bado Tanga. Vyumba vitatu, kimoja masta. Sebule kubwa kushinda vyumba viwili ukiviunganisha, chumba cha kulia kilichotengwa na sebule kwa tao, jiko, stoo ya kuingia mtu mmoja kwa ubavu, na baraza ya mbele yenye nguzo mbili za duara. Juu, bati la mgongo mpana. "Unaionaje, dada?" Nikamwambia nzuri, maana kweli ni nzuri. Ni ile ile niliyoiona imesimama Goba, Njiro, Kange na Nzuguni, rangi tu ndizo zinazotofautiana.

Lakini huyu ni mtu ninayemjua. Kazi yake ni kuendesha watalii. Msimu wa wageni ukishika, hakai nyumbani. Anaingia usiku na Land Cruiser iliyojaa vumbi jekundu, anaiosha, anakagua springi na boliti, mara nyingi alfajiri hayupo. Masika yakianza na kazi zikapungua, anakaa nyumbani na darubini yake, anaandika ndege kwenye daftari. Hiyo ndiyo raha yake, hanywi wala hachezi bao. Mkewe, wifi yangu, anashona sare za shule, na Januari ikifika nyumba yao ya kupanga haina pa kukanyaga kwa vitambaa. Ndani ya ramani ile sikuona pa gari, sikuona pa cherehani, wala dirisha linalotazama mti. Nilichoona ni pa kukalisha wageni.

Nilikuwa na safari ya Karatu hata hivyo, huko huko anakojenga, ya kuandika habari za majengo ya zamani ya nyanda zile. Nikaona mawili hayo, ramani na safari, yaende pamoja, naye awe dereva wangu.

Kutoka Arusha hadi Karatu ni kama kilomita 140, na utamu wa njia unaanzia Makuyuni, pale barabara inapoachana na ile ya Dodoma. Mto wa Mbu tulinunua ndizi nyekundu, kisha gari likaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara likibaki chini mkono wa kushoto. Juu ya ukuta ule hewa inapoa, udongo unakuwa mwekundu, na mashamba ya ngano, mahindi, maharage na mbaazi yanajitandaza mpaka penye msitu wa Ngorongoro. Karatu ilimegwa kutoka Mbulu na kuwa wilaya mwaka 1995. Mji wenyewe umezaliwa na barabara: gereji, mahali pa kuoshea magari, hoteli za wageni, maduka ya vinyago, gereji tena.

Tulianza kwa Wairaqw. Nje kidogo ya mji kuna familia iliyojenga upya nyumba ya kale ili wageni waione. Tulipokelewa na bibi mmoja mwenye shuka mbili mabegani. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akamgeukia mdogo wangu na kumwuliza kulikoni leo kaja bila Wazungu.

Ukiijia nyumba ile kwa nyuma huioni, na ndivyo ilivyokusudiwa. Imechimbwa ndani ya mteremko, paa lake la udongo limelala sawa na ardhi ya juu, na nyasi zimeota humo humo. Nilikuwa nimeshasimama juu ya paa nikiuliza nyumba iko wapi. Upande wa chini tu ndiko kuna ukuta mfupi wenye mlango mmoja. Wairaqw ni wakulima wenye ng'ombe, na zamani hizo morani wa Kimasai walipanda milima ya Mbulu kutafuta ng'ombe hao. Paa lililosimama wima lingekuwa tangazo. Basi wakaizika nyumba, wakazika na zizi, maana mifugo ililala ndani pamoja na watu.

Tuliinama kuingia. Macho yalipolizoea giza nikaona nguzo, nyingi kuliko nilivyotegemea. Udongo uliolowa ni mzito, na hakuna fito itakayoubeba kwa mwendo mrefu, hivyo nguzo zinasogeleana. Kila nguzo ina panda kichwani, boriti imelala kwenye panda, fito zimelala juu ya boriti, juu yake mabua na majani, kisha udongo ulioshindiliwa. Nilipitisha vidole kwenye kiungo kimoja: hakuna msumari, ni uzito wenyewe unaokaza na kamba chache za magome. Upande mmoja ni wa ng'ombe, upande mwingine vitanda vya udongo na miti, mafiga kati yao. Nafaka inakaa darini, moshi unapopita, na moshi ndio unaoifukuzia wadudu. Ng'ombe nao wana kazi yao nyingine usiku, kwani pumzi na miili yao ndiyo inayoipasha nyumba joto, na anayedhani Karatu ni joto kwa kuwa iko Afrika hajalala huko mwezi Julai.

"Bibi, linavuja?"

"Linavuja," alisema bila kusita. "Mwanamume asiyepanda juu ya paa kabla ya masika, sisi tulijua ni mvivu."

Nilipenda jibu lile. Nyumba ya Kiiraqw haikudai kuwa kamilifu, ilidai mtu wa kuitunza, na ilimpangia ratiba. Mkulima anayejua siku ya kupanda anajua pia siku ya kuongeza udongo juu ya paa.

Kwa nini basi nyumba hizi zimekaribia kwisha? Uvamizi ulikoma kwanza. Halafu watu wakateremka kutoka milima ya Mbulu kuja Karatu penye ardhi iliyotulia, na Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ikawapanga kwenye viwanja vilivyonyooshwa kwa kamba kandokando ya barabara. Nyumba ya kuchimbwa ubavuni mwa kilima, ukiipeleka kwenye kiwanja tambarare, ni shimo la maji. Ilikuwa imempoteza adui wake na mteremko wake kwa wakati mmoja. Bati likamalizia.

Mdogo wangu alikaa kimya njia nzima ya kurudi, na kwa dereva wa watalii huo ni ugonjwa.

Kesho yake tuliteremka Mang'ola, kwenye joto la Ziwa Eyasi. Barabara ile haina adabu. Huko chemchemi zinamwagilia vitunguu, na kitunguu cha Mang'ola kinauzwa Arusha, Dar es Salaam mpaka Kenya, mara nyingi kwa rumbesa, lile gunia lililoongezwa kilemba hadi mkulima anauza moja na nusu kwa bei ya moja. Tazama ghala za vitunguu: nyumba ndefu ya miti, kuta zenye mianya makusudi, paa la nyasi, sakafu iliyoinuliwa. Upepo unapita chini, pembeni na katikati. Kitunguu kikikosa hewa kinaoza, kikipata jua kinabadilika rangi. Mkulima mmoja alikuwa analala hapo hapo kwenye kichumba cha pembeni kulinda mali, na nyumba yake ya matofali iliyoko barabarani, yenye madirisha ya aluminiamu, alisema ni ya familia na ya moto. Kweli ilikuwa moto, tuliingia. Vitunguu vyake vimejengewa vizuri kumshinda yeye.

Wadatoga wahunzi wa maeneo yale wanafanyia kazi nje, chini ya kivuli, mbali kidogo na nyumba za nyasi na miti, kwa sababu cheche haijui jirani. Mivukuto ya ngozi, mkaa, fuawe, na rundo la kufuli mbovu na koki za maji. Kufuli inayeyuka, inamiminwa kwenye kalibu, inatoka bangili ya shaba nyeupe na njano. Msumari unafuliwa unakuwa ncha ya mshale. Mishale hiyo huwafikia Wahadzabe wawindaji, nao huleta asali. Kwa Wahadzabe tulikaa muda mfupi na sitajifanya nimewaelewa. Nilimwona mama akiinamisha matawi, akayafunga vichwa, akaanza kuyavika nyasi. Nyumba ya Kihadza ni kazi ya saa moja mbili, na ni ya wanawake. Kiangazi wengi wao hawajisumbui hata na hiyo, wanalala penye moto au chini ya mwamba. Watu wanaoufuata mnyama, mizizi na asali wakiwa na nyumba nzito, nyumba ndiyo itakayowazuia kula.

Ngorongoro tuliingia kwa lango la Lodoare, asubuhi ya ukungu. Ukingoni tulisimama dakika chache penye mnara wa mawe wa Michael Grzimek, mtafiti wa wanyama aliyekufa kwa ajali ya ndege tarehe 10 Januari 1959, na baba yake Bernhard aliyekuja kuzikwa hapo. Ukungu ukafunguka na kreta ikajitokeza chini, kina cha mita 600 hivi, sakafu ya kilomita za mraba kama 260. Hifadhi yote ina kilomita za mraba 8,292 na ilianzishwa mwaka huo huo wa 1959, kwa mpango uliokuwa mgeni duniani: wanyama na wafugaji waishi humo pamoja.

Nilitaka kuona boma, lakini si lile la kucheza ngoma kwa dola. Mdogo wangu ana rafiki, na rafiki ana mama. Yeyo, ndivyo Wamasai wanavyomwita mama, alituonyesha nyumba yake kwa fahari ya mtu aliyeijenga, kwa kuwa ndiye aliyeijenga. Kwa Wamasai nyumba ni ya mke, anaikatia fito mwenyewe, anaisuka, anaikandika kwa samadi na udongo. Mume ana ng'ombe, hana nyumba, analala kwa huyu au yule. Zizi liko katikati ya boma, nyumba zimelizunguka, uzio wa miiba umezizunguka nyumba. Mke mkubwa anajenga kulia mwa lango, wa pili kushoto, na kuendelea hivyo kwa kupokezana. Mgeni akifika hana haja ya kuuliza nani ni nani. Mlango unapinda kona kabla ya kukufikisha ndani, upepo haupati njia. Ndani kuna kitanda cha mama na watoto wadogo, kitanda cha pili, mafiga, na kijizizi cha ndama na wana-mbuzi ambao ni wachanga mno kuachwa nje penye fisi. Huko nyanda za juu mvua ni nyingi, kwa hiyo paa limechongoka na kuezekwa nyasi, halikulala bapa kama kwa Wamasai wa tambarare. Nilikaa kwenye kitanda cha ngozi, ndama akanilamba kiwiko, na yeyo hakuona hapo jambo la kueleza. Alijua usiku wa manane, bila taa, ni ndama yupi anakohoa.

Hapa lazima niseme kuhusu Msomera. Kuanzia Juni 2022 serikali imekuwa ikihamisha wakazi wa Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni, mkoani kwetu Tanga. Serikali inasema ni kwa hiari, na kwamba idadi ya watu na mifugo imeilemea hifadhi. Wakazi wengi na mashirika ya haki za binadamu wanabisha kuhusu hiari hiyo. Mjadala ule ni mpana kuliko safari yangu. Mimi natazama nyumba. Kila kaya ilipangiwa nyumba ya vyumba vitatu kwenye kiwanja cha ekari 2.5, pamoja na ekari 5 za shamba. Ni ya tofali na bati, imara, na kwa mwalimu au karani ingekuwa zawadi. Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2024 ilitaja jambo ambalo fundi yeyote angeliona kabla ya kumwaga jamvi: familia yenye wake kadhaa, kila mmoja na nyumba yake, inaingiaje kwenye nyumba moja? Mke mkubwa akae chumba gani? Ndama alale wapi? Aliyechora ile ramani alikuwa na idadi ya kaya mezani, na kazi yao hakuwa nayo.

Ndani ya kreta ndiko ndugu wa Kijerumani, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walikojaribu kufanya ranchi kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Leo yamebaki magofu. Humo humo, pembeni ya mto Munge, miaka ya 1960, kulikuwa na kibanda cha watafiti. Richard Estes alikitumia akisoma nyumbu. Hans Kruuk alisoma fisi wa kreta. Jane Goodall na Hugo van Lawick wakaja na mtoto wao mchanga. Mtu anayechunguza fisi hapangi Karatu akateremka kila asubuhi. Anakaa fisi walipo, na kibanda kinamtosha kikiwa na kitanda, meza na dirisha.

Lakini nyumba niliyoifuata hasa iko mbele zaidi, unapoacha njia kuu ya Serengeti penye sanamu ya mafuvu mawili makubwa na kuelekea bonde la Oldupai. Watu huenda kwenye makumbusho mapya yaliyofunguliwa 2017, wanapiga picha, wanarudi. Waulize wenyeji wakupeleke kwenye kambi ya mwanaakiolojia Mary Leakey.

Mary alifika Oldupai mara ya kwanza mwaka 1935. Tarehe 17 Julai 1959, mumewe Louis akiwa kitandani na homa, yeye alitoka na mbwa wake akaliona fuvu la kiumbe wa kale aliyeitwa Zinjanthropus likichungulia ardhini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 alihamia hapo moja kwa moja, na hapo ndipo palipokuwa kwake mpaka 1983. Kitu ambacho wengi hawakisemi ni kwamba huyu mama aliingia kwenye kazi ile kwa mlango wa kuchora. Alikuwa msanii wa vielelezo vya zana za mawe, na ndivyo alivyokutana na Louis, aliyetaka mtu wa kumchorea kitabu. Mwaka 1951 aliinakili michoro ya miambani ya Kondoa, kazi ambayo binafsi aliipenda kuliko nyingine nyingi.

Sasa tazama kambi kwa macho hayo. Ni majengo madogo yaliyotawanyika, si nyumba moja kubwa. Mchoraji wa mawe anahitaji mwanga wa pembeni unaotulia, ambao unaonyesha kila kovu la kibanzi kilichobanduliwa, na anahitaji meza pana ambayo hakuna atakayemwambia aiondoe kwa sababu chakula kiko tayari. Anahitaji kivuli kirefu, kwa kuwa jua la Oldupai halina huruma. Anahitaji kuliona bonde anapoinua kichwa, maana swali liko bondeni na jibu liko mezani. Maji yaliletwa kwa gari, kwa hiyo kila kitu kinachotumia maji kikawa kidogo. Mbwa wake, wale weupe wenye madoa, walikuwa kengele ya usiku dhidi ya chui na simba, basi hakuhitaji kuta nene. Jioni alivuta biri yake. Kulikuwa na wenzake wa kazi karibu, Wakamba waliokuwa na macho makali kupita maprofesa. Peter Nzube ndiye aliyeliona fuvu lililopewa jina la Twiggy mwaka 1968. Mary alipokwenda Laetoli mwaka 1978 kufukua nyayo za viumbe wa ukoo wa binadamu waliotembea juu ya majivu ya volkano zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita, alitokea hapo, akarudi hapo.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko mwenzangu alivyopenda. Ndiyo nyumba iliyonigusa kuliko zote za safari, na ndiyo pia iliyonitia shaka. Imekatwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Ndoa yake na Louis kwa wakati ule ilikuwa imebaki jina, mume yuko Nairobi na mialiko ya Marekani, watoto wamekua. Alipoondoka 1983 hakuna aliyeweza kuhamia na kuishi mle kama alivyoishi yeye. Ikageuka makumbusho, na hakuna haja ya kushangaa: ingekuwa nini tena?

Mdogo wangu aliliona hilo kabla yangu. "Dada," alisema tukirudi, mkono mmoja kwenye usukani, "nyumba ya ramani ya kawaida inauzika. Nikiumwa, nikitaka mkopo, nikifa, mtu anainunua kesho. Nani atanunua nyumba yenye shimo la gereji na dirisha la kutazamia ndege chozi?"

Hoja nzito, na sikuwa na jibu mpaka tulipopita Gibb's Farm, juu ya Karatu, penye mpaka wa msitu. Ilianzishwa na Wajerumani mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwa shamba la kahawa. James Gibb aliinunua 1948. Nyumba ya mkulima wa kahawa inataka baraza refu linalotazama mibuni, ili mwenyewe aone kazi inavyokwenda huku anakunywa chai, na inataka bustani ya mboga karibu, kwa kuwa duka liko mbali. Mwaka 1972 yeye na mkewe Margaret walianza kupokea wageni. Hawakubomoa. Baraza lililotazama vibarua likawa la kutazama ndege, na bustani ikalisha wageni. Nyumba ilibadili kazi kwa sababu tangu mwanzo ilijengwa ikijua mahali ilipo.

Nikamwambia: Karatu ina madereva wangapi? Gereji ngapi? Nyumba yenye uwanja wa gari inakosaje mnunuzi kwenye mji huu?

Jioni ile fundi alikuja na chaki. Tulichora kwenye sakafu ya nyumba ya kupanga, wifi akiwa ameshika futi yake ya kushonea. Nguzo mbili za duara zilikuwa za kwanza kufa, tao likafuata, na fundi alisikitika kama aliyefiwa, maana tao ndilo linalomtangaza. Sebule ikapungua karibu theluthi. Geti likapanuliwa hadi mita 4, na pembeni mwa nyumba pakawekwa banda la kimo cha kutosha kufungua paa la gari, maana Land Cruiser ya watalii ikifunguliwa paa inarefuka. Shimo la kukagulia gari likakaa chini ya banda. Bati la mgongo mpana tuliliacha, ni zuri, ila maji yake yote yaingie kwenye tangi la kuoshea gari. Wifi akadai chumba chenye mlango wake wa barabarani. "Sitaki wazazi wa wanafunzi wanipitie sebuleni wakaona tumekula nini." Akapata, na dirisha pana la upande wa kaskazini, na meza ya kukatia vitambaa inayokunjwa ukutani Januari ikipita.

Palipotushinda kidogo ni chumba cha kulala. Ramani ya awali iliiweka masta mbele, upande wa barabara, kwa ajili ya dirisha la kupendeza. Mwenye nyumba ni mtu anayerudi baada ya siku nyingi porini na kulala mchana kutwa. Ikahamishiwa nyuma, mbali na malori na mbali na cherehani. Na kwa kuwa ilikwenda nyuma, ikajikuta inatazamana na mringaringa mkubwa ambao fundi alikuwa ameshapanga kuukata apate nafasi ya kumwaga mchanga.

"Huo haukatwi," mdogo wangu alisema. "Ukichanua, unajua chozi wangapi wanakuja pale?"

Fundi akaniangalia mimi, dada mkubwa, nimwokoe. Sikumwokoa.

Mchoraji wa mjini aliichora upya kwa ajili ya kibali cha ujenzi cha halmashauri, gharama ikashuka kidogo kwenye nguzo na tao, ikapanda kidogo kwenye banda na tangi. Msingi umeshapanda usawa wa jamvi.

Ombi langu la mwisho nalipeleka kwa walimu na wanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu Ardhi. Wazee wanaojua kupanga nguzo na kushindilia udongo juu ya paa la Kiiraqw ni wachache, na hakuna aliye kijana. Njooni Karatu na Mbulu na futi zenu, mpime nyumba zilizobaki nguzo kwa nguzo, mkae na mabibi wanaojua kila kona ilikuwa ya nini. Njooni kabla ya masika, wakati wa kupanda juu ya paa.